Tano Kila Asubuhi

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa kama zako za ubaoni, ili uisome kabla hujamaliza kutafuta miwani. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula ukanijibu "ndiyo, imenyesha sana," nikaona heri kalamu.

Mimi sijambo. Nguo za hospitali haziishi. Juzi boila iligoma, mashuka ya wodi tatu yakarundikana hadi usawa wa dirisha, na msimamizi wetu akapita akisema anayetaka kulalamika apande juu akalalamike na wagonjwa. Bado niko kwenye meza ya mihuri. Kila shuka jipya nalipiga namba ya wodi kwa wino usiotoka, kisha linakwenda kwenye maji ya moto na wenzake. Vidole vyangu ni vyeusi hadi kwenye kucha. Mama angekuwepo angenikatalia kugusa mkate. Mwezi huu ametimiza mwaka tangu atuache. Nilimwombea peke yangu, kwa kifupi, maana nilikuwa zamu ya asubuhi.

Sasa la kaka, mwanao Kumi na Saba. Januari nilikwenda Ofisi ya Waliopotea nikapanga foleni dirisha la tatu. Ni miaka mitatu sasa tangu handaki la bwawa lijae maji, na ndugu wa wachomeleaji waliopotea humo pamoja na kaka bado wanajaza mabenchi mawili. Nimeambiwa majalada yote yamepewa namba mpya. La kaka ni 829348951. Jalada liko wazi na wanaendelea kutafuta. Zaidi ya hilo sikurudi na kitu.

Nakuomba mambo mawili, Mjomba. Usiwaandikie; barua zikiwa nyingi zinawachanganya, niachie mimi niliye karibu. Na usifunge safari. Daktari alikwambia moyo wako hautaki ngazi wala habari za ghafla, na ofisi ile ina ngazi nyingi. Siku ile ya habari za handaki tulikuokota mlangoni, sijasahau. Namba umeshapata. Ishike hiyo.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu, mama,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imekaa njiani siku kumi na sita na imefika na mikunjo kuliko uso wangu. Mimi mzima. Paa linavuja palepale, na sufuria nimeiweka palepale, tumezoeana. Jirani yangu fundi saa anakusalimu. Ameniazima ile lenzi anayoibana jichoni, na siku ya kwanza tu nimesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa nikagundua kwamba tangu Novemba nameza vidonge viwili badala ya kimoja. Usicheke. Mwenyewe amecheka kwa niaba ya mtaa mzima.

Umeniletea mgeni. Unajua kwangu namba ngeni haiingii bila kuhojiwa. Nimeikalisha mezani: milioni mia nane ishirini na tisa, mia tatu arobaini na nane elfu, mia tisa hamsini na moja. Inaishia na moja, kwa hiyo ni witiri. Mbili haiingii, wala tano. Jumla ya tarakimu zake ni arobaini na tisa, basi na tatu haiingii. Saba imebakiza nne. Kumi na tatu imebakiza mbili. Hizo ndizo tano za leo.

Ninachotaka kukijua ni hiki: je, ni namba tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, au ina vigawanyo na imevificha? Ili nisibahatishe, lazima nijaribu kila namba tasa mpaka karibu elfu ishirini na nane na mia nane, pale penye kipeuo chake cha pili. Ziko elfu tatu na kitu. Nitazijaribu kwa penseli, tano kila asubuhi baada ya chai. Najua kuna mashine zinazoimaliza kazi hiyo kabla hujapiga chafya. Mashine haikupotelewa na mtoto, na iwahi inakokwenda.

Hivi unakumbuka ulivyokuwa ukikaa chini ya meza yangu na cheti chako cha kuzaliwa? Ulikuwa na miaka minane. Unajumlisha tarakimu moja, unatoa inayofuata, unajumlisha, unatoa, na ikitoka sifuri unapiga kelele kama umefunga goli. Ukaleta na cheti cha Kumi na Saba, na cha mama yako, na leseni ya baiskeli yangu. Zote zilitoka vizuri. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Siku ukikumbuka, niandikie.

Hayo mambo mawili uliyoniomba nimeyasikia.

Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na tafadhali meza kidonge kimoja. Nimemwandikia fundi saa kikaratasi humu ndani akusimamie.

Nimefurahi kwamba mgeni amekupa shughuli. Nilipoisoma barua yako wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya furushi la mashuka, nilicheka peke yangu hata mwenzangu wa pasi akauliza kama nimeposwa. Nimemwambia ni mjomba wangu anagawanya. Akasema kwao mjomba akigawanya ni urithi.

Ofisini nilipita wiki iliyopita. Wanashughulikia. Karani mmoja mwenye sweta amesema tuwe na subira.

Huo mchezo wa chini ya meza naukumbuka kwa mbali sana. Nakumbuka miguu yako na viatu vyako vya kamba, na kaka akinifinya ili nimwachie nafasi. Ya namba nimeyasahau, Mjomba. Kichwa changu siku hizi kimejaa namba za wodi.

Mikono inauma, nakomea hapa.

Mpwa wako

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua zangu mbili za Aprili hazijapata jibu. Ya kwanza niliilaumu posta. Ya pili nimeanza kujilaumu mwenyewe, sijui kama nimeandika neno baya.

Nimempigia fundi saa kwenye simu ya dukani kwake. Anasema upo, unakula kidogo, na kwamba nikuache. Tangu lini fundi saa ananiambia nikuache? Kuna siku nilitaka kupanda basi nije, nikafika hadi stendi na mfuko wangu, nikarudi. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Nilirudi tu.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie umefika namba gani.

Mpwa wako

14 Mei

Mama,

Marahaba zote ulizonidai. Nilikuwa na homa. Siku ishirini na moja sikushika penseli. Fundi saa alinipikia supu ambayo sitaki kuizungumzia, akakaa kitandani kwangu na saa za watu, akizifungua na kuzifunga. Alisema anafanya kazi. Nadhani alikuwa anahakikisha kwamba napumua. Sasa nimesimama na nimerudi kwenye zile tano. Kabla ya homa, tangu siku ya pili tu, nilikuwa nimevuka kumi na saba, ambayo nayo haikuingia, ilibakiza saba. Nilikaa nayo kwa muda, ile saba.

Nataka nikwambie jambo ambalo ulikuwepo likitendeka, lakini pengine ulikuwa mdogo. Unajua namba zote huingia katika makundi matatu. Chukua vigawanyo vya namba, yenyewe usiihesabu, uvijumlishe. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, hiyo ni pungufu. Ikilingana nayo ni timilifu, kama sita: moja na mbili na tatu. Ikizidi ni zidifu, kama kumi na mbili. Basi mimi darasani nilikuwa nikipita kati ya madawati nikiwapanga watoto wa watu. Wewe zidifu. Wewe pungufu. Walicheka, nikadhani wanafurahi.

Siku matokeo ya Kumi na Saba yalipotoka tulikuwa mezani sote, mama yako na wewe mkiwepo. Nikasema: "Huyu ni pungufu. Ukijumlisha vyote alivyonavyo, havimfikii mwenyewe." Alikuwa anakata mkate. Akamaliza kuukata, akampa kila mtu kipande chake, na mimi akanipa, akatoka nje. Wiki ileile akaenda kujifunza kuchomelea. Baadaye alirudi nyumbani mara nyingi, akanitengenezea geti, akanisalimia kwa adabu, lakini kwenye meza ile hakukaa tena. Alikula kasimama. Nilimwandikia barua nyingi alipokuwa bwawani, nikimweleza mvua na bei ya sukari. Hilo sikumwandikia.

Hakuna aliyeniuliza, nimesema tu. Na wewe, kama umebeba kitu kizito, usikibebe peke yako mpaka mgongo uvunjike. Mashuka yakilowa ni mazito.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne na kila mara naishia kwenye mkate.

Sikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nakumbuka kisu alichoshika. Lakini umesahau jambo moja, na wewe ndiye uliyenifundisha: kila namba tasa ni pungufu. Lazima iwe, kwa sababu ukiiondoa yenyewe inabaki na kigawanyo kimoja tu, moja. Kumi na saba ni pungufu. Na ni wewe uliyempa jina hilo alipozaliwa tarehe kumi na saba. Mama alisimulia kwamba ulitoka mlango wa wodi unalitangaza kwa kila unayekutana naye, hata kwa mfagiaji.

Kaka alilijua hilo. Aliniambia siku moja tukipaka geti rangi: "Baba ameniita pungufu kwa hasira, lakini ndilo jina alilonipa kwa furaha. Basi nimeyaacha yote mawili kwake, achague." Alikuwa akicheka. Sijui kama alicheka kweli, Mjomba. Nakwambia nilichokiona.

Ofisi imefungwa kwa matengenezo. Wakifungua nitakwenda.

Huku tumepata mashine mpya ya kukausha, inanguruma hadi meno yanagongana. Msimamizi anaipenda kuliko mumewe, na mumewe ameshalalamika. Nakuandikia mambo haya ili ucheke. Mimi mwenyewe sicheki sana siku hizi.

Mpwa wako

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo nimefika namba tasa ya mia tano, ambayo ni 3571. Haikuingia. Fundi saa alikuja na keki ya dukani tukaila. Ameniuliza nikishajua nitafanya nini na majibu. Nikamuuliza yeye akishajua saa ngapi anafanya nini. Tumenuniana mpaka jioni.

Asante kwa maneno ya kwenye geti. Sikuyajua.

Ofisi wakimaliza matengenezo, usiende haraka. Mashine ya kukausha iangalie isije ikakuharibu masikio, ukawa kama mimi.

Mjomba wako

28 Septemba

Mama,

Salamu zako za Julai na za Agosti nimezipata zote, na picha ya meza ya mihuri pia. Umekonda. Fundi saa naye kasema umekonda, na yeye hasemi mambo ya wanawake.

Nina habari. Leo asubuhi, baada ya chai, nimefika namba tasa ya elfu moja. Ni 7919. Nikagawanya kama kawaida, nikashusha tarakimu moja baada ya nyingine, na mwisho hapakubaki kitu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia kwa kuzidisha kwenda juu, nikarudia tena kwa kalamu ya wino. 7919 mara 104729. Inatoka yenyewe, 829348951, haipungui wala haizidi.

Na hiyo 104729 ni tasa pia. Sihitaji hata kuijaribu, kwa sababu zote ndogo zinazoweza kuivunja nimeshazijaribu kwenye ile kubwa zikashindwa. Kwa hiyo mgeni wako tunamjua sasa: si tasa, ana wazazi wawili tu, na kwa kundi ni pungufu. Vigawanyo vyake, moja ikiwemo, jumla yake ni 112649. Ni vichache mno kwa namba ya ukubwa ule.

Fundi saa amenipa mkono na kunipongeza. Nilimwambia asante, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kazi imekwisha, mama. Kesho nitakunywa chai na mezani hakuna cha kufanya. Nafikiri nitapanda basi nije huko. Nitapanda ngazi za ofisi pole pole, hata kama ni tano kwa siku, nikakae kwenye hilo benchi la dirisha la tatu na namba yangu mkononi. Nitawauliza mwenyewe.

Mjomba wako

5 Oktoba

Mjomba,

Usije. Nakuomba usije. Kaa chini kwanza, mwite fundi saa akae karibu nawe, halafu soma.

Namba niliyokupa si ya kaka. Niligeuza tarakimu mbili katikati, ile nne na ile tatu. Ya kweli ni 829438951. Nilitaka hata ukiwaandikia wakujibu kwamba hawaijui.

Januari, yule karani mwenye sweta hakunijibu dirishani. Aliniita chumba cha nyuma, akaniwekea kiti. Kaka amepatikana, Mjomba. Alipatikana Novemba walipomaliza kunyonya maji ya handaki, yeye na wenzake kumi na wanne, na Desemba wakawazika kulekule bwawani, kwenye eneo lililotengwa. Hakuna aliyetuuliza. Juu ya kila kaburi wamesimamisha kibao cha bati chenye namba ya jalada. Jina halipo, ni namba tu.

Walinipa mkanda wake. Nikaujua kwa lile tundu la ziada alilolitoboa kwa msumari alipokonda mwaka ule alipougua. Nikatia sahihi. Nikatoka na bahasha ya kaki, nikarudi kazini, nikaiweka chini ya meza ya mihuri, nyuma ya makopo ya wino. Bado ipo. Kila siku naipiga teke kwa bahati mbaya, na kila siku naomba radhi.

Mama alinishika mkono siku zake za mwisho akasema: habari mbaya ikija, usimuue kaka yangu nayo, mpe la kungojea. Nilimkubalia. Lakini si mama tu, nisimsingizie marehemu. Niliogopa. Wewe ndiye uliyebaki. Nikadhani ukiwa na namba ya kuhoji utaishi, na kweli uliishi, na kila ulipoandika umefika mahali fulani nilikuwa nafurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja. Nimekuacha miezi minane unavunja jiwe nililoliokota njiani. Hakuna matengenezo yoyote ofisini. Hakuna walichokuwa wakishughulikia. Jalada lilifungwa.

Nichukie ukiweza. Lakini niandikie.

Mpwa wako

19 Oktoba

Mpwa wangu, mama,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimeipokea ile ambayo hukuiandika.

Nilikuwa najua.

Nilijua tarehe ishirini Februari, chai haijapoa. Ule mchezo wa chini ya meza ulikuwa hivi: ukijumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu ikatoka sifuri, au kumi na moja, namba inagawika kwa kumi na moja. Ofisi zetu hazitoi cheti wala jalada lenye namba isiyogawika kwa kumi na moja. Wamefanya hivyo makusudi, ili karani akigeuza tarakimu mbili kwa uzembe akamatwe palepale. Ndicho nilichokuwa nakufundisha na wewe ukaona ni goli tu. Umemdanganya mwalimu wa hesabu kwa kosa ambalo namba ile iliwekewa mtego lisipite. Ningekuwa na moyo mzuri ningecheka.

Soma barua yangu ya kwanza, kama hukuichana. Nilikutajia mbili, tatu, tano, saba, kumi na tatu. Hukuona kwamba kumi na moja nimeiruka? Niliifanya ya kwanza kabisa. Ilibakiza mbili. Nikakukumbusha cheti chako, nikakuachia mlango wazi, nikangoja uingie. Kila barua yako niliifungua nikitafuta hilo tu.

Nikajiambia labda umekosea kunakili. Namba ile ina jozi nane za tarakimu zinazokaa jirani. Nikageuza moja moja. Jozi mbili tu ndizo zilizokubali kumi na moja. Nikaandika kadi mbili kwa ofisi, kila moja na namba yake. Usiniambie nilikuahidi kutoandika, nilisema nimesikia.

Majibu yalifika tarehe nne Aprili, siku moja, yamefungwa kwa uzi mmoja. La kwanza lilikuwa jalada la mwanamke aliyekuwa mpishi wa kambi. Bado anatafutwa. Mungu awasaidie watu wake. La pili lilikuwa la mwanangu. Limefungwa. Vitu vyake vimekabidhiwa kwa dada yake mwezi wa Januari, naye ametia sahihi. Hiyo ndiyo homa yangu. Fundi saa aliyasoma majibu yale, ndiyo maana alikwambia uniache.

Nilikukasirikia. Usinifanye malaika. Umepokea mkanda wa mwanangu ukauweka nyuma ya makopo ya wino, na mimi hapa nakuandikia habari za vidonge. Siku zile ishirini na moja nilikutungia barua nyingi kichwani, na zote zilikuwa mbaya. Halafu siku ya ishirini na mbili nikanywa chai, nikakaa mezani, nikaona daftari, na nikaona sina pa kwenda kwingine. Nikaanza tena pale nilipoachia.

Nilikuwa naomba iwe tasa. Unaelewa? Ingekuwa tasa ningepita zote elfu tatu na kitu, tano kila asubuhi, ningepata miezi ishirini na zaidi. Na wewe ungeendelea kuniandikia kwamba wanashughulikia. Nilijua si namba yake. Nilijua hakuna tena wa kutafutwa. Lakini asubuhi ilikuwa na kazi, na wakati wa kazi alikuwa bado hajazikwa. Ikaja ikavunjika kwenye ya elfu moja, kabla hata sijafika nusu. Fundi saa alinipa mkono. Mimi nilifunga mlango nikalia kwa mara ya kwanza tangu Aprili, kwa sababu ya 7919, namba ambayo haijamkosea mtu.

Nilisema nitakuja kuwauliza. Uongo wangu huo, ongeza kwenye wako. Nilitaka unizuie kwa ukweli, na umenizuia. Nimechoka, mama. Sidhani kama nitapona, na sitaki uniambie kwamba nitapona. Asubuhi zimekuwa ndefu, na ninakula mkate nimesimama.

Njoo wewe, Jumamosi, kwa basi la kwanza, na ule mkanda. Kwangu hakuna ngazi. Kisha tutakwenda bwawani sote wawili, na fundi saa atachonga jina lake zima kwenye bati, kwa ile sindano anayoandikia nyuma ya saa za watu.

Hilo lililobaki nakuomba tusilizungumze ukifika, kwa hiyo naliandika. Ile namba ya kweli, 829438951, niliigawa kwa kumi na moja siku ile ya kadi, kuhakikisha. Iliingia bila kubakiza. Kikabaki kinamba kirefu, na penseli ilikuwa mkononi, na lenzi jichoni, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuiacha namba hapo. Nikafunga daftari. Sijui ina vigawanyo vinne au mia mbili. Sijui kama vikijumlishwa vinaifikia yenyewe au haviifikii, na usinitafutie. Huyo sitampanga tena.

Mjomba wako